Sahihi ya Bi Kagua

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ningetia sahihi. Nimekaa meza moja na Bi Kagua miaka sita, nikimtania kwamba hata chai ya ofisini huikagua kabla ya kuinywa, na siku ile ningetia sahihi nikaenda zangu kula.

Ofisi yetu hutengeneza programu ya kukokotoa dozi za dawa hospitalini. Kila mwandishi wa programu hutuma kazi yake kwenye seva tunayoiita Jiko. Jiko huunganisha vipande, huvijaribu, kisha husambaza programu bila mkono wa mtu. Amri za kila mmoja wetu huendeshwa ndani ya kizimba, ili hata mtu akituma upuuzi, usiguse kitu kingine. Kizimba chenyewe ni kiongezi, kipande cha programu cha kupachika tulichochukua kwa watu wengine, na wote tulikiamini. Mkono wa mtu upo mahali pamoja tu, kabla ya kusambaza: kwenye daftari. Mkaguzi hutia sahihi kwa wino kwenye ukurasa wenye namba, na nakala ya ukurasa huo huenda hospitali. Bila hiyo hakuna kinachotoka.

Alhamisi asubuhi Bi Kagua aliacha kujibu utani wangu. Alikuwa amegundua kwamba kizimba kinakagua amri zilizoandikwa tu. Kile ambacho mashine hufanya yenyewe, inapogeuza maandishi kuwa kitu cha aina nyingine, mathalani jina la faili kuwa faili lenyewe, hakikikagui. Akachukua akaunti ya majaribio, isiyo na ruhusa yoyote ila ya kutuma kazi, akaandika mistari minne. Jiko likamletea nywila za hospitali zote. Niliziona kwa macho yangu, na nikaogopa.

Meneja alielezwa. Toleo jipya la kiongezi, lililozibwa tundu hilo, lilikuwepo, lakini kuliweka kungelaza Jiko siku mbili, naye alikuwa ameahidi programu itoke siku hiyo. Akasema humu ndani sote ni ndugu, nani ataruka kizimba? Ngoja ngoja huumiza matumbo, tutaziba wiki ijayo. Kisha, kwa upole ninaouchukia mpaka leo, akamkumbusha Bi Kagua kwamba mkataba wake unaisha mwezi huu.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea, na hajashika kazi tangu avunjike mkono. Watoto watatu wanamtazama yeye. Meneja aliyajua hayo, ndiyo maana akasema. Asichojua ni kwamba mama mkwe wa Bi Kagua huchomwa insulini kwa hesabu ya programu hiyo hiyo.

Meneja akamsogezea daftari na kalamu. "Ni sahihi tu, dada."

Bi Kagua akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko sahihi ya mtu yeyote, na meneja akawa anatabasamu mpaka alipogeuza daftari asome: *Nimekagua. Kizimba kinarukika. Nimetoka mwenyewe kwa mistari minne nikaziona nywila zenu.* Chini yake, sahihi yake yote, imenyooka.

Meneja akamwambia ameharibu ukurasa.

"Ulitaka sahihi yangu, mzee, hiyo hapo," akasema Bi Kagua. "Ukurasa ni wa themanini na saba. Uchane ukitaka. Hospitali wakipokea themanini na nane watauliza mwenzake yuko wapi."

Jiko lilizimwa kabla ya chakula cha mchana, likawekewa kiongezi kipya. Jumatatu ikaja barua: mkataba hautaongezwa. Sisi wengine tukainamisha vichwa tukijifanya tuna kazi, na aibu hiyo bado ninayo. Meneja akamtaka atie sahihi kwamba ameipokea. Bi Kagua akavaa miwani.

"Kaa, mzee," akamwambia. "Sitii sahihi kitu ambacho sijakikagua."

Akaisoma kurasa zote tatu, akarudi kwenye ya pili, akaisoma tena. Meneja alisimama pale kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Siku hizi anakagua programu za kampuni nyingine, ng'ambo ya barabara, na mama mkwe wake anaendelea vizuri. Daftari nimeachiwa mimi. Leo meneja amekuja nalo mbiombio, limefunguliwa tayari kwenye ukurasa wa tisini na mbili, akasema ni sahihi tu, ndugu yangu.

Nimemvutia kiti cha Bi Kagua. Nimemwambia akae.