Maji ya Kwanza Humwagwa

Siku karatasi ya kuitwa vitani ilipofika Mlali, mimi na Yona tulikuwa korongoni tunachimba maji. Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni na ng'ombe walikuwa wamekonda hadi mbavu zinahesabika. Kwetu mto si maji. Mto ni mchanga, maji yako chini yake, na mtu aliyekulia pale anajua pa kuchimba kwa kutazama tu kona ya korongo na mahali punda wanapokwaruza kwato. Ukifika magotini mchanga unaanza kuwa mweusi. Ukifika kiunoni unakuwa mzito, na hapo unaacha kuchimba, unakaa kando, unangoja. Maji hujikusanya yenyewe. Ya kwanza huwa na tope, na kwetu ya kwanza humwagwa. Unayachota kwa kata, unayamwaga pembeni, unangoja ya pili.

Tulikuwa na zamu ya kushuka shimoni, leo yangu kesho yake, lakini zamu zangu zilikuwa na tabia ya kuishia kwake. Yona alikuwa mwembamba, mwepesi, na hakuwa na subira ya kumtazama mtu mvivu akijikuna. Mimi nilikuwa mvivu, na hilo nalisema wazi kwa kuwa uzeeni hapa sina wa kumficha. Dada yake mkubwa, Damari, alikuwa akija na ndoo zake, ananikuta nimekaa chini ya ukingo, anauliza kama kivuli bado kiko salama au kimeibwa. Siku hiyo alicheka hivyo hivyo. Kisha akasema mwenyekiti wa kijiji anawatafuta vijana wote waliopita mgambo.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka sabini na nane. Wiki hiyo hiyo tukapanda lori hadi Dodoma, kisha treni hadi Mwanza, kisha meli. Mimi na Yona hatukuwa tumewahi kuona maji mengi namna ile, na Yona alikaa sitahani safari nzima akiyatazama kwa mashaka. Aliniambia maji yasiyochimbwa hayaaminiki. Nilimcheka.

Sitaandika vita yote. Sehemu kubwa ilikuwa kutembea, mvua, na kungoja amri. Nataka kuandika asubuhi moja tu, kwa sababu asubuhi hiyo sasa ina watu wengi wanaoisimulia na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo.

Tulikuwa tumevuka mpaka na kuteremka kwenye bonde lenye mto mdogo. Adui alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Kamanda wetu alipiga marufuku kunywa maji ya mto ule, na hakuhitaji kutueleza sababu, maana sababu zilikuwa zinaelea na zingine zimenasa kwenye matete. Gari la maji halikuja siku ile. Halikuja hata kesho yake.

Kwenye kona ya mto palikuwa na ufuko wa mchanga mweupe. Kikosi chetu kilikuwa na watu wa mikoa mingi, lakini ni sisi wa Ugogo tu tuliouona mchanga ule na kuona kisima. Wenzetu wa mikoa yenye mvua hawakujua tunazungumzia nini. Tuliwaeleza kwamba mchanga huchuja, kwamba ukichimba hatua kumi kutoka mtoni utapata maji safi. Tulijisifu, kusema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani tulikuwa tunajua kitu ambacho wengine hawakukijua.

Tukapanga zamu. Ya kwanza ilikuwa yangu.

Nilisema mguu unaniuma. Haukuwa unauma sana.

Yona alichukua sepeto na kata yake ya kibuyu, ile aliyotoka nayo nyumbani. Akaniuliza kama kivuli kiko salama. Akateremka.

Alichimba hadi magotini. Nilimwona akiinama kupima mchanga kwa kiganja.

Waliokimbia walikuwa wamefukia mabomu kwenye mchanga ule.

Nilisikia kishindo kimoja.

Mchanga uliendelea kuanguka muda mrefu.

Tulimfuata kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, mmoja mmoja. Alikuwa ameshakata roho. Tukamtoa, tukamlaza kwenye nyasi, tukamfunika koti langu. Na tuliporudi kuchukua kata, tulikuta shimo limejaa maji.

Kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyeniuliza tulifanya nini baada ya hapo, nami sikumwambia mtu. Tulikuwa na kiu ya siku mbili. Ya kwanza tukayamwaga, kama nyumbani. Ya pili tukanywa.

Niliporudi Mlali, barua ilikuwa imenitangulia. Ilisema Yona amekufa akiwa kazini mbele ya adui, basi. Mwenyekiti aliniita kando, akaniambia wafiwa wameshapoa, nisiende kuchokoa kidonda kwa habari za mashimo. Nchi imeshinda na watu wanataka kusikia ushindi. Nilimshukuru moyoni, maana nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza. Damari alinitazama katika kumbukumbu ya kifo isiyo na kaburi na hakuniuliza kitu. Mwaka uliofuata nikahamia Dodoma, nikapata kazi ya utarishi serikalini. Nimezeekea Makole katika vyumba viwili, mke wangu ametangulia, na Mlali nilikuwa naenda kwa misiba tu, nikihakikisha nakaa upande wa pili wa turubai na Damari.

Basi mwaka jana akaja mwanamke mmoja nyumbani kwangu, anaitwa Rehema, ofisa habari wa kushughulikia mambo ya mheshimiwa mmoja. Aliniamkia shikamoo vizuri, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta vumbi, akaweka simu mezani irekodi. Alisema wanataka kujenga mnara wa kumbukumbu Mlali na ukumbi wa shule upewe jina la Yona, na kwamba mimi ndiye pekee niliyebaki kati ya waliokuwa naye. Nilizungumza mchana kutwa. Sikuwa nimezungumza kiasi kile tangu mke wangu afariki, na alipoaga niliona chumba kimekuwa kikubwa. Nilimweleza bonde, mto, mchanga, sepeto. La zamu sikulitaja. La kunywa sikulitaja.

Baada ya majuma machache alinitumia gari, nikapelekwa Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Jengo lilikuwa jipya, bado linanuka rangi, na kiti nilichopewa kilikuwa kinazunguka chenyewe. Alinipa karatasi mbili nisome. Zilisema Yona alipanda mlima chini ya mvua ya risasi, akaisimamisha bendera ya taifa, na akafa akiwa ameikumbatia huku mwenzake, yaani mimi, akishuhudia. Niliisoma mara mbili. Pale bondeni hapakuwa na mlima wa karibu, na bendera iliyokuwa kikosini ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la kamanda.

Nilimwambia hapakuwa na bendera.

Rehema hakukasirika. Alivua miwani, akaonekana amechoka, mtu mwenye mabosi wengi. "Baba, mimi nilikuandikia habari ya maji," alisema. "Ikarudi. Wakaniuliza watoto watajifunza nini kwenye maji."

Akanieleza kwamba mheshimiwa ameshaipitisha, kwamba uchaguzi uko karibu na watu wa kule wanahitaji kitu cha kujivunia, na kwamba kazi yangu siku ya uzinduzi ni sentensi moja: nilimwona. Nilimuuliza mheshimiwa alikuwa na umri gani wakati wa vita. Alicheka kidogo, akasema alikuwa hajazaliwa.

Nirudie kusema ukweli. Nikiwa njiani kurudi Makole nilianza kuipenda ile bendera. Mtu aliyekufa juu ya mlima na bendera mikononi hakuchukua zamu ya mtu. Hakuna aliyebaki chini ya ukingo akisingizia mguu. Wale watu wa Mtumba, bila kunijua, walikuwa wameniandikia msamaha ambao nisingethubutu kuuomba, na kilichotakiwa ni neno moja tu kutoka kwangu. Kwa siku kadhaa nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Nilimwona. Nilimwona. Sauti ilitoka vizuri.

Siku ya uzinduzi Mlali ilijaa. Palikuwa na mahema meupe, viti vya plastiki, spika mbili ndefu, na akina mama wa muheme wakipiga ngoma zao tangu asubuhi. Mheshimiwa alishuka garini akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," watu wakafurahi. Mnara ulikuwa umefunikwa kitambaa. Damari walikuwa wamemvisha khanga mpya na kumkalisha mbele, mzee wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda, mikono imelala magotini. Walinikalisha kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka ule kukaa naye karibu hivyo, na tulisalimiana habari za mvua.

Mheshimiwa alihutubia kuhusu mlima. Alikuwa mzungumzaji mzuri, na hata mimi nilianza kuuona. Alipofika kwenye bendera watu walisimama. Kisha akaniita.

Nilishika kipaza sauti. Nikatazama viti vya mbele na kuiona ile mikono ya Damari, vidole vyenye makovu ya kuchimba mchanga miaka sitini. Sentensi yangu ikakwama.

"Yona alikufa akichimba maji," nilisema. "Tulikuwa na kiu. Hapakuwa na mlima. Na siku ile zamu ilikuwa..."

Spika zilinyamaza. Mshereheshaji alikuwa ameshanifikia, amenishika bega kwa upole, na sauti yake ikarudi hewani kabla ya yangu kufika mbali. Aliomba tumpigie makofi mzee wetu, umri umekwenda, safari imemchosha, lakini moyo wake bado uko mstari wa mbele. Watu walicheka kwa upendo na wakapiga makofi mengi. Sijawahi kushangiliwa vile maishani mwangu. Kitambaa kikavutwa, na pale juu ya jiwe palikuwa na kijana wa saruji, mnene kuliko Yona, ameshika mlingoti.

Walinirudisha kitini. Damari hakuniangalia. Ngoma zilianza tena, mheshimiwa akawa anapigwa picha, na wali ukaanza kugawiwa upande wa pili. Viti vilivyotuzunguka viliachwa wazi. Tulibaki sisi wawili mbele ya lile jiwe.

Hatimaye alisema, akiwa bado anatazama mbele, "Mchangani?"

Nikasema ndiyo, mchangani, kwenye kona ya mto.

Alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba nimemtajia mahali anapopajua. Nilijua swali linalofuata, nilikuwa nimelisubiri na kulikimbia tangu nina miaka ishirini na moja.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, dada."

"Nilijua," alisema. "Tangu siku uliporudi peke yako."

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikilitoa neno lile litaniacha, litaondoka na upepo wa Mlali nirudi nyumbani mwepesi. Halikuondoka. Lilikaa palepale katikati yetu, na tofauti ilikuwa kwamba sasa tulikuwa wawili tunaolitazama.

"Maji yalitoka?" aliuliza.

"Yalitoka."

"Mkanywa."

Nikaitikia kwa kichwa.

Damari alishika mkongojo wake, akajiinua taratibu. Nilitaka kumsaidia, akaukataa mkono wangu. Alipokuwa amesimama wima, kwa kadiri mgongo ulivyomruhusu, aliniuliza neno la mwisho.

"Ya kwanza mliyamwaga?"

"Tuliyamwaga, dada. Mimi mwenyewe niliyamwaga."

Alifumba macho. Sijui aliona nini. Kisha akageuka na kwenda kwenye mstari wa wali, na sikukaa naye tena siku ile.

Jioni hiyo hiyo picha yangu ilienea kwenye simu za watu, nimeshika kipaza sauti, na chini yake pameandikwa kwamba shahidi wa mwisho amethibitisha. Rehema alinipigia kuomba radhi. Nilimwambia hana kosa, na nilimaanisha.

Damari alifariki kabla ya mvua za mwaka huu. Msibani mheshimiwa alituma mwakilishi, akasoma salamu, na ndani ya salamu mlikuwa na mlima na bendera. Nilikaa karibu na kaburi, si upande wa pili wa turubai. Watoto wa shule waliimba wimbo waliotungiwa kuhusu Yona, na waliuimba vizuri. Wakikua watauimba kwa watoto wao, na mimi sina jiwe wala wimbo, nina mdomo wa mzee ambaye watu wameshaambiwa kwamba umri umekwenda.

Kabla ya kurudi Makole niliteremka korongoni peke yangu. Palikuwa pakavu. Nilivua viatu, nikachimba kwa mikono hadi magotini, nikapumzika, nikachimba tena hadi mchanga ukawa mzito. Ilinichukua mchana wote. Maji yalipojikusanya nilichota ya kwanza kwa viganja, nikayamwaga kando, nikakaa kungoja ya pili. Hapakuwa na mtu wa kupokezana naye.