Kibao cha Lango la Balwhirrie

Kila asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto, Dod Cargill huvaa buti, akashuka mpaka ukuta wa mawe unaotenganisha shamba lake la Balwhirrie na la Erchie Dalgarno, akapaza sauti: "Wageni, mmeamkaje?"

"Tumeamka, mwenyeji," Erchie hujibu kutoka kwa kondoo wake. "Mfalme naye kalalaje?"

Akina Dalgarno wamekaa pale miaka mia moja na mitatu. Kwa Dod, hiyo ni juzi.

Mwaka huu kamati ya maonyesho ya kilimo iliahidi kibao cha mbao kwa ukoo uliodumu kwenye shamba moja kuliko koo zote. Dod alikwisha kutoboa matundu ya misumari langoni. Ulibaki ushahidi tu, na kazi hiyo akamwachia mjukuu wake Ailsa, msichana anayepatana na daftari za kanisa kuliko anavyopatana na watu.

Ilionekana kazi nyepesi. Kwao kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kila kifungua mimba wa Cargill ni George, Dod mwenyewe akiwemo, maana Dod ni George kwa mkato. Basi Ailsa akamtafuta George Cargill aliyeanzisha yote. Miezi minane, hayupo.

Alhamisi aliingia jikoni na karatasi, akasoma bila kuinua macho. Mwaka 1741 Elspet Cargill, mkamua ng'ombe aliyetoka mbali, alizaa nje ya ndoa. Wazee wa kanisa wakamkalisha kwenye kiti cha toba Jumapili tatu, mbele ya watu wote. Mtoto akaitwa George, jina la babu yake mzaa baba, George Dalgarno wa Balwhirrie.

"Balwhirrie ipi?"

"Hii, babu. Mtoto alirithi shamba, ila jina akabaki na la mama. Akina Erchie ni Dalgarno waliorudi baadaye."

Dod akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi ni Dalgarno."

"Kidogo tu."

"Hakuna Dalgarno kidogo, mama. Ni kama mafua. Na huyo kijana wao, baba wa mtoto, hakukalishwa?"

"Alikalishwa. Akasinzia, wakamwongezea Jumapili ya nne."

Bibi Netta, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa akimpiga mumewe Dod kiwiko kumwamsha katikati ya mahubiri, aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu, Netta," Dod akasema. "Ailsa, itie motoni hiyo karatasi, iungue."

Lakini aliichukua yeye, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Jumapili zote tatu alikuwa peke yake?"

"Na mtoto mkononi. Kila mara walimuuliza kama anajuta. Imeandikwa hakujibu."

Dod akasogeza kando bakuli la uji ulioganda. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka fomu, na Ailsa alikuwa ameshika kalamu.

"Babu, kwenye kibao wachonge jina la nani?"

"Elspet Cargill, mkamua ng'ombe," Dod akasema. "Na Erchie asijue mpaka Jumamosi ya maonyesho."