Presha ya Mama kwa Kiingereza

Leo nimegundua kwamba Mama amekuwa akimdanganya daktari, na aliyemfundisha ni mimi.

Daktari humpigia simu kila Jumatatu kuuliza presha imesoma ngapi. Hajui Ekegusii, lugha yetu, na Mama hajui Kiswahili; alitaka kumjibu mwenyewe kwa Kiingereza. Nilimpa mfano mmoja tu, wa presha ya kawaida, 120 juu ya 80: "One twenty over eighty."

Kila wiki Mama aliniambia hivyo hivyo kwa simu. Nami niliandika kwenye shajara, nikifurahi.

Leo nimekuja Ekerenyo, nyumbani kwa Mama. Mashine yake ya presha imeonyesha 168 juu ya 104.

Simu ikalia, Mama akaipokea.

"One twenty over eighty, daktari!"

Jamani.

"Mama, mbona hivyo?"

"Wewe Moraa, si ndivyo ulivyonifundisha? Hizo zingine nikitamka nitachekwa. Na kwa hii huwa ananisifu."

Nilichukua simu, nikasema ukweli. Tukaitwa kliniki mara moja.

Huko daktari akamuuliza tena. Nilijizuia kumjibia.

Mama akashusha pumzi. "One. Six. Eight."

Daktari akaandika, akambadilishia dawa. Hakuna aliyecheka.

Ninyi wazazi wenu mliwafundishaje kumjibu daktari?