Injini ya Bingwa Tuliyoifungua Kasongo

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu, yaani mkuu wa garaji, hakunipa spana. Aliniketisha juu ya sanduku la mbao, akaniambia nifumbe macho, kisha akawasha pikipiki tatu, moja baada ya nyingine. Garaji hiyo ya kampuni ya pamba ilikuwa Kasongo, nyuma ya maghala. Shefu alikuwa Mbelgiji mfupi mwenye goti lisilokunjika. Kwao alikuwa akishindana mbio za pikipiki barabarani mpaka alipoanguka. Aliniuliza milio ile inatofautianaje. Nikajibu kwamba ya kwanza ni kama mtu anayetwanga peke yake, ya pili kama watwangaji wawili wasiopatana, ya tatu kama wawili wanaopokezana vizuri. Akasema nirudi kesho yake.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza mipangilio ya injini. Ile ya silinda moja iliyosimama wima ilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza, ila ilitikisa sana mikono ya mpandaji. Ile ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V ilikuwa na nguvu milimani, lakini silinda ya nyuma ilichemka upesi kwa kuwa ile ya mbele iliizibia upepo. Ya tatu ilikuwa na silinda zilizolala, moja kushoto na moja kulia. Zilipoa vizuri, lakini kwenye madaraja yetu ya magogo ukiyumba kidogo tu, umevunja kichwa cha silinda. Ukutani shefu alibandika picha za mabingwa wa Ulaya alizokata magazetini. Alitueleza yupi hulala sana kwenye kona na yupi hutegemea breki, kama mtu anayesimulia habari za jamaa zake.

Katika mwaka wangu wa nne, mmoja wa mabingwa hao alifika. Alikuwa akizunguka koloni kwa mwaliko wa wazungu, na pikipiki yake ya mbio, ya silinda moja, ililetwa kwa lori. Administrateri, mkuu wa teritware, yaani wilaya yetu, alipanga mbio kutoka Kasongo hadi Kabambare. Wanavijiji walitolewa mashambani kusawazisha barabara. Sisi weusi hatukuruhusiwa kushindana. Kazi yangu ilikuwa kuiandaa pikipiki ya bingwa.

Asubuhi ya mbio bingwa aliijaribu kidogo, akarudi. Nikasikia mlio mdogo chini ya ule mkubwa. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini nikautia sikioni. Kitu kilikuwa kikigonga kwenye beringi ya fimbo inayoshika pistoni. Beringi hiyo ikivunjika, gurudumu la nyuma hukwama ghafla, na mpandaji hana la kufanya.

Nilimwambia shefu. Alisikiliza, akakiri kwamba hasikii kitu. Miaka ya mbio ilikuwa imemharibia masikio. Administrateri akaja kuuliza kwa nini tunachelewa. Alipoelezwa, alinigeukia.

"Ramazani, tukifungua hii injini na hatukute kitu, utaenda kulima pamba. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana. Lakini hii pikipiki iko mugonjwa. Itaua mutu."

Niliogopa. Mke wangu alikuwa na mimba, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni. Bingwa aliuliza kwa Kifaransa nimesema nini, shefu akamtafsiria. Bingwa akavua glavu, akachukua bisibisi, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaizima injini na kuagiza ifunguliwe.

Tulikuta kishikizo cha rola za beringi kimepasuka pande mbili. Cha kubadilisha hakikuwepo. Mbio zilifanyika bila bingwa, akashinda afisa mmoja wa kilimo. Kabla ya kuondoka bingwa alinipa mkono mbele ya wazungu wenzake, jambo lisilo la kawaida siku zile. Lakini wageni walikuwa wamekuja kumwona yeye, na Administrateri hakunisamehe. Wiki mbili baadaye nilihamishiwa Kabambare kutunza malori.

Mwaka uliofuata shefu alipita Kabambare, akanieleza kwamba bingwa amekufa mbioni huko Ulaya. Injini ilikwama kwenye kona.

Nilimuuliza kama hakuwa na mafundi.

"Alikuwa nao wane," shefu akasema. "Mumoja alisikia kitu. Lakini saa ya kuanza ilikuwa imefika, akanyamaza."

Dereva wake akapiga honi, shefu akaagana nami.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Kabambare. Baada ya uhuru nilisimamia garaji ileile ya malori, na ndiko nilikostaafu. Vijana wanaotoka Salamabila na pikipiki zao huniuliza habari za bingwa: alikuwa na mbio kiasi gani, alipindaje kona. Ninawajibu ninavyoweza, ingawa sikumwona akishindana hata mara moja. Lakini nikiwa peke yangu, mtu ninayemfikiria zaidi ni yule fundi aliyenyamaza. Tulisikia kitu kilekile, yeye kwao na mimi kwetu. Kama yu hai, naye sasa amestaafu, na ningependa kujua analalaje usiku.