Ng'ombe Wa Baba Mkubwa

Nilipokuwa mtoto pale Buffalo, ughaibuni, karibu na barabara ya Bailey, nyumba yetu ilitawaliwa na ng'ombe. Usicheke. Ng'ombe mwenyewe alikuwa Burundi kwa ndugu, nami sikumwona hata kwenye picha. Alikuwa mali ya Baba Mkubwa Nestori, kaka yake baba, mtu aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania na kukulia unga wa mgao. Hadi leo ukimpa kamba ya ng'ombe sidhani kama atajua ashike upande upi. Lakini kwa sheria za ng'ombe, mh! Ungedhani alizaliwa zizini.

Sheria kubwa ilikuwa kwamba maziwa hayachemshwi. Ukiyabandika motoni, ng'ombe anakauka chuchu. Wazee wa Burundi waliishi hivyo, na mimi siwacheki, maana wao ng'ombe walikuwa nao na walikuwa na cha kuogopa. Ninayemcheka ni huyu, aliyekunywa kila asubuhi maziwa ya dukani, ya dumu la plastiki, yaliyochemshwa kiwandani mpaka yakakoma. Anakunywa, anajifuta midomo, anatuhubiria.

Mdogo wangu Yona alikuwa na mwaka na nusu. Maziwa ya ng'ombe yalimtoa vipele na kumharisha, daktari akayakataza. Mama akakumbuka alichofundishwa kliniki ya kambini, maziwa ya soya. Akaziloweka soya usiku kucha, akazifikicha mpaka maganda yakaelea, akasaga kwa blenda, akakamua kwenye kitambaa cheupe. Alipobandika sufuria tu, Baba Mkubwa huyo akaingia. Baba alikuwa Louisville, mji wa mbali, akifanya kazi kwenye ghala, kwa hiyo huyu bwana alikuwa amejiteua kichwa cha nyumba yetu. Hodi hapigi, masufuria anafunua.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Maziwa ya soya, shemeji. Ya Yona."

"Na unayachemsha?" Akazima jiko kwa mkono wake. "Unataka kuniulia ng'ombe?"

"Haya ni maharage. Yasipochemka yanaumiza tumbo."

"Ni meupe, mtoto anayanywa, basi ni maziwa. Mpe hivyo hivyo."

Mama aliutazama mlango, kana kwamba baba angetokea. Hakutokea. Akampa Yona kikombe.

Mtoto alitapika mpaka hakuna cha kutapika. Jioni alikuwa amelegea begani kwa mama, macho yamemrudi ndani, hana hata machozi. Tukapelekwa hospitali, wakamtundikia maji. Nilidhani anakufa. Baba Mkubwa akafika na koti lake la Jumapili, akasimama mbele ya kitanda, akatikisa kichwa. "Niliwaonya," alisema. "Tangu lini maharage yakawa maziwa?"

Naapa alisema hivyo. Yale yale aliyoyaita maziwa asubuhi! Ningekuwa mkubwa ningemtoa nje na koti lake.

Yona alipona. Siku tuliyorudi nyumbani mama aliloweka soya tena. Kesho yake hakubandika chochote mpaka aliposikia hatua za Baba Mkubwa ngazini. Ndipo akawasha jiko.

"Shemeji!"

"Karibu, shemeji."

"Si nilikukataza?" Akanyoosha mkono kuzima. Mama akasimama mbele ya jiko na mwiko.

"Kama ng'ombe wako yumo humu sufuriani, mtoe sasa. Mimi nachemsha."

Akakoroga, povu likapanda, likashuka, mpaka ile harufu ya maharage mabichi ikaisha. Baba Mkubwa aliondoka bila kuaga. Tulisikia baadaye kwamba alipiga simu Burundi siku hiyo hiyo kuulizia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anakula majani, hana habari.

Sasa ni mtu mzima, naishi mji wa Whitehall, na wanangu wananywa soya ninayoikamua mwenyewe. Mama alipokuja kunitembelea nilikuwa nimebandika sufuria, nikaanza kumwigiza Baba Mkubwa, sauti na koti. Mama hakucheka.

"Mimi pia niliamini," alisema.

"Wewe?"

"Kwetu tuliambiwa mwanamke akichemsha maziwa, hata kifua chake kinakauka. Hazai tena, hanyonyeshi tena. Baba yako Mkubwa hiyo hakuitaja, haikumhusu."

"Sasa ulibandikaje, mama?"

"Mwanangu, Yona alikuwa na njaa."

Akaniambia nipunguze moto, povu linapanda.

Yona ndiye kitindamimba wetu. Baada yake mama hakuzaa tena, na sitaki mtu anieleze kwa nini. Baba Mkubwa bado namdharau, wala sijutii. Yeye aliamini, akamtoa kafara mtoto wa mwenzake. Mama naye aliamini, akajitoa mwenyewe.