Tairi za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kulala nyumbani kwangu. Hatukuwa tumekosana. Kwetu magharibi mwa Kenya ndivyo ilivyo: mama aliyekuzalia mke halali chini ya paa lako, hamshikani mikono, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kichakani na kujifanya anatafuta kitu. Yeye ni mzee wa kanisa na anaongoza maombi ya akina mama. Ameshakataa mila nyingi, zikiwemo chache nilizokuwa nazipenda, hasa zile za kunywa. Hii hakuikataa. Alikuwa akija Kitengela kwa basi la usiku, anawaona wajukuu, anakula, kisha anapanda basi la usiku kurudi, na ukimwambia apumzike anasema atapumzika kwake.

Mimi alikuwa haniongeleshi. Alikuwa akimwambia binti yake, nami nimesimama hapo hapo, "Mwambie mwenye nyumba chakula kilikuwa kizuri." Nami nilikuwa namwambia mke wangu amwambie mama asante. Mke wangu alikuwa anakaa katikati na kumeza chai yake.

Kisha wakampata na uvimbe kwenye titi. Wakautoa, halafu daktari akasema sasa inafuata mionzi, Nairobi, kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Akasisitiza jambo moja: mgonjwa asikatize. Akikatiza katikati, alisema, huenda kazi yote iliyofanywa ikaharibika. Alilirudia hilo mara nyingi mpaka nikajiuliza kama tunaonekana watu wa kukatiza.

Swali likawa atalala wapi. Mwanawe, shemeji yangu, anaishi Rongai katika chumba kimoja ghorofa ya tano, na zile ngazi zingemmaliza kabla ya ugonjwa. Tukamtafutia chumba cha kupanga Noonkopir, karibu na kwetu, maji ndani na choo safi. Akakikataa kwa simu.

"Nije kwa binti yangu halafu nilale kwa mtu hata simjui, na mimi ni mgonjwa?"

Mke wangu akalia. Mimi nikasema maneno fulani kuhusu mila. Nilikwenda kuyasemea bafuni, mlango umefungwa.

Ni mke wangu aliyekumbuka suala la gari. Mama yake hakuwa na shida na gari langu. Kila alipokuja tulimchukua stendi, akakaa kiti cha nyuma, dirisha wazi, akaniona kisogo tu. Aliwahi hata kusinzia humo mpaka tukafika, na hakuna mtu aliyeitisha kikao.

"Kwa hivyo kulala kwa gari yako si shida," mke wangu akasema.

"Mgonjwa hawezi kulala kiti cha nyuma wiki zote hizo."

"Kuna magari ziko na kitanda."

Na kweli tulikuwa tunalijua moja. Upande wa pili wa Kajiado mjini kuna mfugaji ambaye mimi hununua mbuzi wangu wa Krismasi kwake. Bomani mwake kulikuwa na karavani, yaani nyumba ndogo ya bati ya kuvutwa nyuma ya gari, ina kitanda, meza ya kukunja na madirisha ya pazia. Aliyemuuzia shamba aliiacha hapo na hakurudi kuichukua. Walikuwa wakilala ndani yake watoto wa mbuzi. Ilikuwa imewekwa juu ya mawe, na tairi zake mbili zilikuwa zimepasukapasuka kwa jua hadi nyuzi za ndani zikaonekana.

Mke wangu akamweleza mama yake. Mama akaomba muda wa kufikiria, akashauriana na dada yake, kisha na mke wa mchungaji. Baada ya siku chache jibu likaja. "Kama iko na tairi na inatembea, hiyo ni gari. Kama imekaa kwa mawe, hiyo ni nyumba ya mkwe wangu na siingii."

Kwa hiyo matibabu yote yakawa yanategemea tairi mbili.

Mimi ni mtu wa stoo. Kiwandani Athi River kazi yangu ni kupokea vitu na kuvikataa. Jumamosi hiyo nikaenda duka la tairi kando ya barabara ya Namanga nikiwa na rimu moja ndani ya gunia. Muuzaji alikuwa mtu mcheshi aliyevaa koti la suti juu ya ovaroli.

"Ni ya gari gani, mkubwa?"

"Karavani."

"Na itakuwa inaenda wapi?"

"Haiendi mahali. Itasimama tu."

"Ah, basi chukua hii." Akaivingirisha tairi ya mtumba. "Hii imetembea Japani, lami peke yake. Angalia meno. Ni kama mpya."

Meno yalikuwa mazuri. Nikaigeuza nikatafuta zile namba nne karibu na rimu zinazoonyesha wiki na mwaka iliyotengenezwa. Ilitengenezwa kifungua mimba wangu akiwa nasari, na siku hizi ananyoa ndevu. Nikaikunja pembeni kwa kidole gumba, ikaonyesha mistari. Tairi ya kusimama haimalizwi na barabara, inamalizwa na jua na umri, na hii ilikuwa na umri wa kutosha kabla hata haijaona jua la Kitengela. Nikamrudishia.

Akaleta iliyovalishwa mpira mpya juu ya ule wa zamani. Nikamwambia lazima kwanza itoke Kajiado mpaka huku, na mpira huo ukibanduka mbele ya lori la saruji sitakuwa na nafasi ya kurudi kulalamika. Akaleta pana, nzuri sana, inang'aa. Haikuweza kuingia chini ya ubavu wa karavani kwa vipimo nilivyokuwa navyo. Akasema hilo si shida, tunakata ubavu kidogo. Nikamwuliza kama na nyumba yake huikata kidogo akinunua kitanda.

"Sasa wewe unataka gani?"

Nikamwambia nataka mpya, ya pikapu, ngumu ubavuni, zile wanazofunga wabeba kabichi. Akacheka. Akauliza ni nani hununua tairi ya kabichi kwa kitu kitakachosimama.

"Ni mama mkwe atalala ndani," nikasema.

Muuzaji akaacha kucheka. Mteja aliyeleta pancha akasogea karibu, akaniuliza kama mlango wa hiyo karavani utaangalia nyumba yangu. Nikasema sijafikiria. Akaniambia kwa upole nifikirie.

"Ungesema mapema, mzee," muuzaji akasema, na kuanzia hapo aliniita mzee. Akaenda nyuma, akarudi na mbili mpya, za kabichi, bado zina karatasi. Nikasoma namba, nikabonyeza ubavu, nikanusa. Sijui kwa nini nilinusa. Nikazipokea.

Mfugaji aliwatoa mbuzi wake bila kinyongo. Nilipofika bomani tulisalimiana Kimaasai, "Sopa," "Epa," nikamweleza shida yangu, naye akatikisa kichwa muda mrefu. "Mkwe? Hiyo ni maneno kubwa. Wewe enda nayo tu." Tukafunga tairi, tukaondoa mawe, na ile karavani ikashuka ikasimama kwa miguu yake. Niliazima pikapu ya jirani nikaivuta polepole. Isinya nilisimama nikashika vikombe vya magurudumu kwa kiganja, kuona kama beringi za ndani zinaungua. Vilikuwa na joto la kawaida. Nilifurahi kupita kiasi, nikiwa peke yangu kando ya barabara, mkono mmoja juu ya gurudumu.

Tuliisugua kwa dawa, tukatandika kitanda, tukaiegesha nyuma ya nyumba. Mlango nikauelekeza kwa ua wa jirani.

Mama mkwe alipofika hakuangalia pazia wala kitanda. Aliizunguka karavani mara moja, akagusa kila tairi kwa ncha ya mwavuli, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwenye gari aivute kidogo."

"Mama, hata hujapumzika."

"Nitapumzika ikishatembea. Niko ndani."

Akapanda, akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba juu ya magoti. Nikaifunga kwenye pikapu, nikamzungusha kiwanja: kupita tangi la maji, kupita choo cha nje, kupita migomba, na kurudi. Jirani alikuwa ukutani anatazama na kikombe cha chai. Mama akashuka akinyoosha sketi.

"Mwambie dereva asante. Ameendesha vizuri."

Hiyo ikawa sheria. Kila Jumamosi karavani ilipaswa kusogea, hata hatua chache, ili isije ikazoea mahali. Jioni ya Ijumaa nilipima upepo wa tairi, na asubuhi nilimvuta mama mkwe kutoka kwenye tangi hadi kwenye kamba ya nguo, au kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye tangi. Siku za kazi shemeji au mke wangu alimpeleka hospitali. Ngozi yake ilianza kuungua na kuwa nyeusi. Alikunywa uji tu, na hata huo alikuwa anaubembeleza. Lakini hakukosa hata kipindi kimoja, na nikaanza kuamini kwamba tutamaliza.

Halafu mvua ikaja. Nilipokuwa dukani nilikuwa nimefikiria jua, umri, uzito na miiba. Matope sikuyafikiria, maana wakati ule ardhi ya Kitengela ilikuwa ngumu kama sakafu. Udongo wetu ni ule mweusi ambao ukilowa unakuvua kiatu. Tairi za kabichi ni nyembamba na ngumu, na Jumamosi moja tuliamka zimezama mpaka kwenye rimu.

Nikafunga pikapu, ikazungusha magurudumu ikaniletea tope mpaka mdomoni. Tukaweka mbao. Tukaweka mawe. Nikapunguza upepo ili tairi zitanuke kidogo. Jirani akaacha chai akaja kusukuma, na wanaume wawili wa kanisani wakaja na kamba. Haikusogea hata kidole. Mvua ikaanza tena.

Mama mkwe alikuwa anatazama kutoka dirishani. Akatoka na mkoba wake, akabeba kiti cha plastiki hadi karibu na lango, akakaa chini ya mwavuli.

"Haitembei," akamwambia binti yake. "Nitafutieni basi ya jioni."

"Mama, umebakisha wiki mbili tu."

"Nimejua. Nitafutieni basi."

Mke wangu akapiga magoti kwenye tope mbele yake. Akamkumbusha daktari, akamkumbusha wajukuu. Mama alikuwa anamsikiliza huku akimfunika na nusu ya mwavuli. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka na aliyekwisha kuamua, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliogopa kweli. Nilimwona akipanda lile basi, nikaona na yatakayofuata, hatua kwa hatua.

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya gurudumu, jembe mkononi. Nikainuka nikamwendea. Sikusimama pale tulipozoea kusimama. Nikapiga kelele, na sikumwambia mke wangu amwambie mtu.

"Mama, huendi! Nilikuwa form two mama yangu alipoacha dawa akasema amechoka. Tukamwacha, kwa heshima. Mama mmoja nimeshazika! Huyu siwezi kumzika kwa sababu ya tairi!"

Mvua ikaendelea. Wanaume wa kanisani wakaangalia kamba yao. Mke wangu alikuwa ameshika mdomo. Mimi nikasubiri kitu kinachompata mtu aliyemfokea mama mkwe wake, sijui ni nini, ila nilijua kipo.

Akaniangalia. Alizoea kuangalia bega langu au viatu vyangu. Siku hiyo aliniangalia usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mwanangu," akasema, "toa hizo tairi. Weka mawe. Mvua inatunyeshea sisi wote."

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamgeukia mke wangu anisaidie. Mama akasema, "Ni wewe naongea na wewe."

Jeki ilikuwa inazama, ikabidi tuweke ubao chini yake, kisha ubao wa pili. Tukatoa tairi moja, tukapanga mawe, tukatoa ya pili. Ilipokaa sawa mama mkwe akainuka, akapangusa viatu kwenye jiwe la mlangoni, akaingia, akafunga pazia. Alikuwa ameingia nyumbani kwangu, na sote tulijua.

Alimaliza vipindi vyote. Wiki iliyofuata udongo ukakauka, naye alikuwa anajiandaa kwenda kwao mpaka tarehe ya kurudi kwa daktari. Nikaosha zile tairi, nikazijaza upepo, nikaleta jeki, ili nimrudishie mfugaji mali yake. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa karavani anachambua mboga. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua chache tu, angeweza kumwita.

Hakumwita. Akanitazama nikiingiza jeki chini ya bati, akaweka sufuria kando.

"Wewe," akaniuliza, "nyumba yangu unaipeleka wapi?"

Nikaitoa jeki.