Pizza na Vidole Vitatu vya Mshono

Nakumbuka siku niliyojitoboa kidole kwa sindano ya cherehani, mwanangu. Hadi leo kikipigwa na baridi kinauma, nami nacheka peke yangu kwa ule ujinga. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka kwetu Kaniha kuja Biharamulo mjini kujifunza ushonaji kwa Mama Yustina, mwanamke mmoja wa kabila la Wasubi, mwenye maneno machache, aliyeweka cherehani yake barazani karibu na soko.

Mchumba wangu alikuwa wa Rulenge, na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Mama Yustina aliniruhusu nikate gauni langu mwenyewe. Sasa sikia nilichofanya. Nilijipima kiuno, nikaona namba, nikaikataa. Nikakata kitambaa inchi nne pungufu, na ndani ya mshono sikuacha hata upana wa kidole kimoja, ili nisipate pa kurudi nyuma. Nilijiambia mwili utalifuata gauni.

Basi nikaanza kujishindisha njaa. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni namwambia shangazi, niliyekuwa nakaa kwake, kwamba nimekula kwa rafiki. Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Shangazi na watoto wakaenda kanisani, mimi nikafunua sufuria ya ndizi na nyama iliyopikiwa watu watano. Sikukaa hata chini. Nilikula nimesimama mpaka nikakwangua ukoko, kisha nikalia. Waliporudi nikasema mbwa wa jirani ameingia jikoni, na mbwa wa watu akachapwa bure. Hilo bado linanisumbua.

Kesho yake nikajinyima tena. Saa tano hivi, nikiwa nakanyaga cherehani, macho yakaingia giza, na sindano ikapita kwenye kidole. Mama Yustina alinifunga kidole, akanikorogea uji wenye sukari, akangoja nimalize. Ndipo akalichukua gauni langu, akaligeuza nje ndani, akapitisha dole gumba lake kwenye mshono.

"Binti, umempima nani hapa?"

"Nimejipima mwenyewe, mama."

"Hapana. Hiki ni kipimo cha marehemu. Marehemu ndiye asiyeongezeka wala kupungua. Mtu hai anaachiwa vidole vitatu ndani ya mshono."

Hakunipigia kelele. Alifumua ubavuni akaongeza vipande viwili vya kitambaa kingine, na weupe wake haukulingana na wa gauni. Nikaolewa hivyohivyo. Wifi zangu waliviona vile vipande kabla hawajaniona uso.

Nilidhani hadithi hii nitaenda nayo kaburini. Lakini miezi miwili iliyopita alikuja mjukuu wangu Editha, anayefanya kazi ofisini hapahapa Biharamulo mjini. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akanipa kitambaa cha harusi yake na karatasi yenye vipimo alivyoviandika mwenyewe. Mwanangu, nimepima viuno vya mji huu zaidi ya miaka arobaini. Niliijua karatasi ile kuwa ya uongo hata kabla sijachukua futi ya kupimia. Nikamwambia ainue mikono nimpime, akainua, akapepesuka. Nikamdaka, nikamkalisha kitini.

Yakatoka yote. Kliniki walimwambia presha inapanda, apunguze uzito taratibu. Hilo neno taratibu alilidondosha njiani. Jumatatu mpaka Ijumaa anashindia chai. Jumamosi ananunua pizza nzima, anajifungia chumbani kwake, anaimaliza, analia.

"Bibi, naipenda pizza kuliko chakula chochote, na ndiyo itakayoniua."

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kumzika mtoto kwa sababu ya namba ya kiuno.

"Sio pizza," nikamwambia. "Hiyo unayoila Jumamosi ni njaa ya tangu Jumatatu. Mimi niliila kwenye sufuria ya ndizi, nikamsingizia mbwa."

Nikamsimulia yote, mpaka vidole vitatu vya Mama Yustina, akacheka huku machozi yanamtoka. Nikamtuma arudi kliniki Jumatatu awaeleze anavyokula, bila kuficha, na akaenda. Jumapili iliyofuata tukapika pizza hapa nyumbani, mimi, yeye na mama yake. Oveni sina. Tulitumia sufuria, makaa kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Unga aliusukuma mwembamba, akapanga nyanya, hoho, vitunguu na mchicha wa bustanini kwangu. Jibini alitaka amwage yote, nikamshika mkono, maana ina chumvi na mafuta, na presha haipendi vyote viwili. Tukaanza na sahani ya maharage na kachumbari. Kisha tukaikata pizza vipande vinane, tukamwita na jirani, tukawa wanne, kila mtu viwili. Editha alikula vyake polepole, amekaa, anaongea. Kipande cha pili alikimaliza akaangalia sinia tupu, akapumua. Halafu tukatembea mpaka bomani na kurudi, kwa mwendo wangu mimi mzee, ambao si wa kukimbiza mtu.

Gauni nililikata kwa kiuno chake cha kweli. Siku ya kulijaribu alisimama mbele ya kioo, akapapasa ubavuni kwa ndani.

"Bibi, umeviacha vile vidole?"

"Vyote vitatu. Ukipungua nitabana, ukiongezeka nitaachia. Wewe kula."

Jumamosi iliyopita aliolewa. Sikubana wala sikuachia. Presha inashuka, wamemwambia hivyo huko kliniki, na bado kilo zipo za kupungua. Zitapungua kwa wakati wake.

Nawe unayenisoma, mwanangu, nakuambia kama nilivyoambiwa mimi. Chakula unachokipenda usikifanye adui, na usikifanye siri. Ukile mbele za watu, umekaa kitako, na mboga zitangulie. Kula vipande viwili leo, maana wiki ijayo nayo ina Jumapili. Miguu ipewe kazi. Watu wa kliniki wasikilize, na wakisema taratibu, nenda taratibu. Usijinyime mpaka ukatetemeka, kwa maana mwenye njaa hapimi. Na siku utakapoteleza ukamaliza sufuria, usilie wala usimsingizie mbwa. Kesho yake amka, kunywa uji, endelea.

Mungu akupe afya na hamu ya kula, akupe na watu wa kula nao. Asikupime kwa kipimo cha marehemu ungali hai. Na pale utakapojikatia mwenyewe gauni la kujibana, yeye awe amekuachia vidole vitatu ndani.